Wageni wapo, lakini wanalala wapi?

Swali hili limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Nimelifupisha kidogo:

"Nakaa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu hadi kituo cha msitu cha Isecheno, shamba langu limepakana na chai ya Nyayo. Kila mkutano tunaambiwa utalii wa kaunti umekua na wageni wanaongezeka. Mimi nawaona wakipita na van asubuhi, jioni wakirudi walikotoka. Nimepata kiinua mgongo, na kijana wangu ananihimiza nijenge vyumba sita vya watalii. Hao wageni wapo kweli? Na pesa yao huwa inaenda wapi, mbona sisi hatuioni?"

Mwalimu, hongera kwa kustaafu salama. Nitaanza na jibu lenyewe ndipo nieleze. Wageni wapo, ila wengi wao si wale ambao kijana wako anataka kuwajengea. Vyumba sita ni vingi mno. Anza na viwili, na usishangae ukigundua baadaye kwamba hata hivyo viwili sivyo vinavyokuingizia zaidi.

Tuiangalie kwanza ile hesabu ya mikutanoni. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kukagua takwimu za wageni kwenye kivutio kimoja huku magharibi. Sitakitaja, kwa sababu makosa niliyoyakuta hapo yako kila mahali. Nilikalishwa langoni kwenye kibanda cha mabati, mbele yangu kitabu cha wageni chenye jalada gumu jeusi, safu zimepigwa kwa rula, kalamu imefungwa uzi isije ikatembea. Siku ya pili asubuhi likafika basi la shule. Mwalimu wa zamu akaandika mstari mmoja tu: wanafunzi 64, walimu 3. Sitini na saba kwa mpigo! Saa sita wakaketi chini ya mti wakala mkate na soda walizobeba kutoka mjini, saa nane wakapanda basi wakaenda zao. Mama mmoja aliwauzia ndizi mbivu, na chupa tupu zikabaki kwa watoto wa jirani. Basi.

Siku hiyohiyo alikuja mama wa makamo kutoka Nairobi, darubini shingoni. Naye akaandikwa mstari mmoja. Alilala siku tatu. Kila alfajiri alimlipa mwongozaji, alikula kwa mama mmoja wa pale, akafuliwa nguo, akabebwa na boda kwenda na kurudi, akaondoka na chupa mbili za asali. Kwenye ripoti, basi lilikuwa 67 na yeye alikuwa 1.

Mimi mwenyewe sikutoka safi. Jioni ya siku ya tatu niligundua kwamba van moja iliandikwa langoni, kisha ikaandikwa tena kwenye kitabu kingine kule juu kilimani, nami nilikuwa nimevijumlisha vitabu vyote viwili. Watu saba wakawa kumi na wanne bila mtu kudanganya.

Simaanishi watoto wa shule wasije. Waje, maana ndio watakaorudi wakiwa watu wazima wenye mshahara. Ninachosema ni kwamba idadi ya vichwa haikuambii kitu kuhusu mfuko wa kijiji. Watu wa takwimu hutenganisha mgeni wa kutwa na mtalii anayelala, na tofauti yao kwa kijiji ni kubwa kuliko tofauti ya Mkenya na Mzungu. Siku nyingine afisa akisimama kusema wageni wameongezeka, inua mkono umuulize wamelala wangapi, na wamelala wapi.

Sasa, ni nani hasa anayekuja?

Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kutoka nje wapatao milioni 2.39, na serikali ikatangaza mapato ya shilingi bilioni 452. Sehemu kubwa ya hao hushukia Nairobi, pwani, na mbuga za nyika kama Mara na Amboseli. Kwetu huku hufika matone. Lakini zaidi ya nusu ya vitanda vinavyolaliwa hotelini nchini hulaliwa na Wakenya wenyewe, na ukichukua magharibi peke yake, mtu wa kuhesabu kwanza ni huyo Mkenya.

Nikuulize: mara ya mwisho gesti zote za Shinyalu na Khayega kujaa pomoni ilikuwa lini? Nadhani jibu unalijua. Ilikuwa Ijumaa ya matanga ya mtu mzito. Magari kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret yanaingia jioni, Jumamosi mazishi, Jumapili asubuhi watu wanaondoka. Kwa vipimo vya kimataifa vya takwimu, mtu aliyetoka anakoishi akaenda kulala kwingine kwa ajili ya jamaa au mazishi ni mtalii kama yule wa darubini. Kwenye vipeperushi vya utalii hayumo, kwa sababu picha ya hema la matanga haipendezi karibu na picha ya mbega. Ila yeye ndiye anayelipa.

Kalenda yetu ina mawimbi yake. Desemba ndiyo kubwa, nauli ya Nairobi hadi huku inapanda na wenye nyumba ndogo kwao wanatafuta pa kulaza wakwe. Agosti ya miaka ya shufwa, Wabukusu wa Bungoma wanapotahirisha vijana, jamaa humiminika. Sikukuu za kitaifa zinazohamishiwa kaunti nazo hujaza mji kwa siku mbili tatu, kama Mashujaa ya 2018 iliyofanyika Bukhungu. Watazama ndege wanapenda kuanzia Novemba hadi Machi, wakati ndege wahamiaji wa kutoka kaskazini wako huku na mvua kubwa haijaanza. Halafu kuna kundi ambalo watu hulisahau, watafiti. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu ya mvua ya Kongo, ndiyo maana vyuo vya mbali huutafuta. Mradi mmoja wa Wajerumani, BIOTA, ulifanya kazi hapa tangu 2001 hadi 2010. Mwanafunzi wa namna hiyo hulala miezi, si siku. Halalamiki kuhusu godoro, anataka umeme wa kuchaji kompyuta na mtu wa kumpikia. Ningekuwa wewe, huyo ndiye mgeni ambaye ningemtafuta kwa tochi.

Yapo pia mawimbi yasiyotabirika, na hapa ndipo wajenzi wengi huumia. Barack Obama aliposhinda uchaguzi Novemba 2008, Nyang'oma Kogelo kule Siaya ilifurika waandishi wa habari na wageni. Kivutio cha aina hiyo hupanda na kushuka na habari za mtu mmoja. Naivasha nayo, tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, inapata wikendi moja ambayo chumba cha kawaida huuzwa kama cha kifalme. Ni raha kwa aliyekuwa na chumba tayari. Aliyejenga kwa ajili ya wikendi hiyo anabaki na wikendi 51 za kuzitafutia maelezo benki.

Twende kwenye pesa, maana ndilo swali lako la pili na ndilo ninalolipenda.

Niliwahi kulala kwenye gesti moja yenye kibao kikubwa cha utalii wa jamii. Asubuhi nikaletewa sahani: soseji mbili, mayai ya kukaanga, mkate, kipande cha tikiti maji, na chai. Kwa sababu ya kazi yangu nina tabia mbaya ya kuhoji sahani, nikamwita mpishi. Hakuficha. Soseji zilitoka Nairobi, zikapitia friji ya duka la Kisumu. Mkate ni wa kiwanda. Mayai ni ya trei, yametoka Uganda kupitia Busia. Tikiti ni la sokoni na halikupandwa karibu. Majani ya chai huenda yalichumwa vilima vya jirani, lakini yalikwenda kufungashwa mbali yakarudi kwenye pakiti. Maziwa peke yake ndiyo yalikuwa ya kijijini. Na muda wote tukizungumza, chini ya dirisha langu kuku wa kienyeji walikuwa wanachakura.

Hiyo sahani ndiyo jibu la "mbona hatuioni". Fanya hesabu hii ya mfano. Mgeni anaacha shilingi 1,000 kijijini. Kama katika kila mia, sitini hutoka mara moja kwenda kununua vitu vya mbali, zinabaki 400. Hizo 400 zinatumiwa tena hapo, zinabaki 160, kisha 64, mpaka zinakauka. Ukijumlisha mizunguko yote, elfu moja ya mgeni imefanya kazi ya kama 1,670. Sasa badilisha sahani: kuku wa jirani, ugali wa wimbi wa hapohapo, mboga za mrenda na saga za mama wa njia panda, asali ya mzee wa mizinga. Tuseme katika kila mia zinatoka thelathini tu. Elfu ileile inafanya kazi ya zaidi ya 3,300. Mgeni ni yuleyule na bei ni ileile. Kilichobadilika ni soko alilokwenda mpishi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuleta wageni zaidi. Ukiwa na ndoo inayovuja huongezi bomba.

Kuhusu ada za langoni, usizihesabu. Msitu wenu una wasimamizi wawili: upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS, na Isecheno kwenu iko chini ya shirika la misitu, KFS. Zote ni taasisi za serikali ya kitaifa, na mgeni akilipa kwa simu pesa hiyo imeshapanda juu kabla hajavuka lango. Watu hufananisha na Narok. Masai Mara husimamiwa na kaunti, nayo hutoza mgeni wa nje dola 100 au 200 kwa siku kutegemea msimu, zinazoingia kwenye hazina ya Narok. Mara inaitwa hifadhi ya taifa na Kakamega inaitwa hifadhi ya taifa, jina moja, mifuko tofauti. Katiba ya 2010 iliipa kaunti utalii wa mahali, pamoja na barabara za kaunti, leseni za biashara na masoko. Kwa hiyo gavana wako ukimdai, mdai barabara ya kufikia msitu isiyowakwamisha watu mvua ikinyesha saa tisa, nayo kwenu hunyesha saa tisa karibu mwaka mzima.

Lakini shida yako kubwa, Mwalimu, si serikali. Ni Kisumu. Kutoka mji huo hadi Kakamega ni kilomita kama 50 za lami. Dereva wa watalii anajua wateja wake watakunywa chai Kisumu, wapige picha kwenye Jiwe Linalolia la Ilesi, watembee msituni saa mbili, na saa kumi na mbili jioni wawe ufukwe wa Dunga, Kisumu, wanakula samaki huku jua linazama ziwani. Huwezi kushindana na jua la ziwa likizama. Unaloweza kuuza ni jua likichomoza. Ukitaka kuliona kutoka kilima cha Lirhanda, huku ukungu umelala juu ya miti kama maziwa kwenye sufuria, lazima uwe unapanda saa kumi na moja alfajiri, na mtu wa Kisumu hawezi kuamka saa nane usiku kwa ajili hiyo. Turako mkubwa, yule ndege wa buluu, hulia na kuruka asubuhi mapema. Poto, yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa, huonekana usiku kwa tochi tu. Mapigano ya mafahali ya Waisukha nayo ni ya asubuhi na mapema, ngoma za isukuti zikitangulia njiani, na ngoma hiyo iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu 2014. Kila kitu chenu kizuri kinatokea wakati mgeni wa kutwa yuko njiani au amelala. Waambie vijana wa uongozaji waache kuuza "msitu" na waanze kuuza saa.

Hapo ndipo vyumba vinapoingia. Tuchukue tarakimu za kubuni ili uone umbo lake, kisha uweke zako. Chumba ni shilingi 2,000 kwa usiku, na kukijenga pamoja na choo, godoro na shuka ni 400,000. Ukijaza kila Ijumaa na Jumamosi ya mwaka, wiki mbili za Krismasi na Pasaka, unapata usiku 120 hivi kati ya 365, na hakuna anayejaza zote. Tuseme chumba chako cha kwanza kinalaliwa usiku 100: hiyo ni 200,000 kwa mwaka, na kwa miaka miwili kimerudisha gharama kabla ya kuhesabu sabuni na maji. Cha pili, pengine usiku 70. Cha sita je? Cha sita kitalaliwa Krismasi na kwenye matanga ya mheshimiwa, tuseme usiku 15, elfu thelathini. Kitakuchukua zaidi ya miaka kumi na mitatu, na mabati yake hayatasubiri kuoza. Kosa la kijana wako, na si lake peke yake, ni kuchukua mapato ya chumba cha kwanza akazidisha kwa sita.

Kabla hata ya hivyo viwili, nunua daftari. Kaa na vijana wa boda pale njia panda ya Isecheno na mama wa hoteli ya mandazi, mkubaliane waandike kwa mwaka mmoja: siku gani wageni walikuja, wangapi, walitoka wapi, nani aliuliza pa kulala akakosa. Safu ya mwisho ndiyo ya dhahabu. Ikiwa na watu wanne kwa mwaka mzima, umeokoa kiinua mgongo chako kwa shilingi themanini za daftari. Ikiwa na watu mia, njoo tuzungumze tena juu ya chumba cha tatu.

Na sasa kile nilichosema huenda kikakuzidia vyumba. Una shamba. Hema la matanga ya watu mia tano linakula kuku wangapi? Rondo, ile nyumba ya wageni ya msituni, wanalaza wageni, Buyangu kuna mabanda, mjini Kakamega kuna hoteli za mikutano ya kaunti Jumatatu hadi Alhamisi, na wote wanahangaika kupata mtu wa kuwaletea ingokho, yaani kuku, wa uzito mmoja, kila wiki, kwa siku aliyosema. Hawakosi kuku, wanakosa uhakika. Mfano uko kando ya msitu huohuo: kikundi cha wakulima cha Muliru kilipanda mmea wa dawa wa jamii ya mrihani, kikatengeneza dawa ya kuchua na kuuza ikiwa tayari kwenye kikopo badala ya majani kwenye gunia. Mwaka 2010 kilishinda tuzo ya Equator ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hawakujenga chumba hata kimoja.

Kuku ana faida nyingine, ambayo tuliiona mwaka 2020. Wageni wa nje waliokuja Kenya walianguka kutoka milioni mbili hadi chini ya laki sita. Aliyekuwa na vyumba tu alibaki anafagia. Aliyekuwa na mayai aliendelea kuuza. Nakuru wanalijua hili kwa njia nyingine: jina lao lilijengwa juu ya flamingo, kisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yakapanda, lango kuu la mbuga likazama, na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Vifaru wa pale ndio waliowaokoa wenye hoteli. Msitu wenu hautahama, lakini barabara inaweza kukatika na dunia inaweza kufunga mipaka.

Leseni: kibali cha biashara cha kaunti, afya ya umma, na usajili wa mamlaka ya kitaifa inayosimamia biashara za utalii. Ulizia mapema, wakati ukuta uko kwenye msingi, maana mkaguzi akitaka mlango wa pili ni rahisi kumpa ukiwa bado ni mchoro.

Mwisho umeuliza, kwenye mistari niliyoifupisha na kwa utani nadhani, kuhusu kibao ambacho kijana ameshamlipa mchoraji achore simba. Mwambie arudishiwe pesa. Hakuna simba Kakamega, na mgeni wa darubini akiona simba kwenye kibao chako atajua hujui unachouza. Mchore turako, buluu yake iwe buluu kweli, uandike namba ya simu kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka ndani ya gari linalotembea, na chini yake maneno mawili: "kuku yupo".